Ngozi ya Mtumiaji wa Pampu ya Insulini: Hatua za Kufuata Panapowasha, Panapovimba au Panapotunga Usaha

Mtu anayebadilisha kanula ya pampu, yaani kimrija chembamba kinachoingiza insulini chini ya ngozi, kila baada ya siku tatu huitoboa ngozi yake takriban mara 120 kwa mwaka, na kila mara huifunika kwa plasta ya gundi inayokaa mchana na usiku juu ya jasho, joto na msuguano wa nguo. Si ajabu basi kwamba ngozi hiyo huchoka. Wengi huanza na mwasho mdogo ambao huuvumilia kwa kuwa sukari yao bado iko sawa. Wachache huishia kupasuliwa jipu ambalo lingeweza kuzuiwa siku chache mapema. Mwongozo huu unamlenga mtumiaji wa pampu, au mzazi wa mtoto anayeitumia, anayetaka kujua aanze na lipi, afuatishe lipi, na ni wakati gani aache kujitibu nyumbani.

Jambo moja sharti litangulie. Pampu hutoa insulini ya kufanya kazi haraka peke yake, kidogo kidogo, saa zote. Mwilini mwa mtumiaji wake hamna akiba ya insulini ya muda mrefu kama aliyo nayo yule anayejidunga sindano. Ngozi inapovimba kuzunguka kanula, insulini huweza kukwama hapo hapo au kuvuja nje, sukari ikapanda, na ketoni, yaani asidi ambazo mwili huzitoa unapochoma mafuta kwa kukosa insulini, zikaanza kulimbikizana damuni ndani ya saa chache. Sukari iliyopanda nayo huzipunguzia nguvu seli nyeupe za damu zinazopambana na bakteria, na maambukizi yakapata nafasi ya kuenea. Kwa hiyo tatizo la ngozi kwa mtumiaji wa pampu ni tatizo la insulini vilevile, na ndiyo sababu hatua ya kwanza hapa haihusu dawa yoyote ya kupaka.

Hatua ya kwanza: Ondoa kanula kabla ya kushughulikia ngozi

Ukihisi maumivu au joto mahali palipoingia kanula, au ukiona uvimbe, damu, unyevu au usaha chini ya plasta, usingoje siku ya kubadilisha ifike. Natambua kwamba vifaa hivi ni ghali na kwamba kuitupa kanula ya siku moja kunauma, lakini kanula iliyoachwa ndani ya ngozi iliyoanza kuambukizwa ni kama mwiba uliobaki mguuni: hakuna dawa itakayotuliza kidonda wakati chanzo chake bado kimo ndani.

Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa sekunde zisizopungua 20, kisha toa seti yote, yaani kanula pamoja na plasta na mrija wake, na uweke nyingine mbali na hapo, ikiwezekana upande wa pili wa mwili. Kama ya zamani ilikuwa kulia mwa tumbo, hamia kushoto, au nenda kwenye paja au sehemu ya juu ya kalio la upande huo mwingine. Badilisha vyote kwa pamoja, yaani kanula, mrija, na kichupa cha akiba kilichomo ndani ya pampu pamoja na insulini yake. Unapoujaza mrija mpya, hakikisha haujaunganishwa na mwili, maana insulini ya kujazia mrija ikiingia mwilini huweza kuishusha sukari kwa kiwango cha hatari.

Kisha pima sukari. Ikiwa imezidi milimoli 14 kwa lita, sawa na miligramu 250 hivi kwa desilita, pima na ketoni. Ketoni za damu zilizo chini ya milimoli 0.6 kwa lita ni za kawaida. Kati ya 0.6 na 1.5, rekebisha sukari, kunywa maji na upime tena baada ya saa moja au mbili. Kuanzia 1.5 wasiliana mara moja na wahudumu wako wa kisukari, na zikifika 3.0 nenda hospitali bila kukawia. Anayetapika, anayeumwa tumbo au anayepumua kwa kasi na kwa kina aende hospitali hata kabla ya kupata kipimo.

Dozi ya kwanza ya kurekebisha sukari katika hali hii itolewe kwa kalamu au kwa bomba la sindano, kwa kiasi mlichokubaliana na daktari, wala isipitishwe kwenye kanula unayoitilia shaka. Kumbuka pia kwamba pampu haijui ulichojidunga kwa mkono. Vilevile itaendelea kuhesabu kama insulini inayofanya kazi ile iliyovuja au kukwama kwenye kanula mbovu, na kwa hiyo mapendekezo yake ya dozi kwa saa chache zinazofuata yanaweza kupotoka huku au kule. Ikiwa pampu yako hujirekebisha yenyewe kwa kufuata kihisi cha sukari, uliza mapema namna ya kuirudisha kwenye hali ya kawaida kwa muda huo, kwa sababu jambo hilo ni gumu kulitafuta kwenye kitabu cha maelekezo usiku wa manane.

Hatua ya pili: Isome ngozi kwa umbo, kwa muda na kwa hisia

Sasa, ukiwa salama kwa upande wa insulini, itazame ngozi kwenye mwanga mzuri. Kosa ninaloliona kuwa kubwa kuliko yote ni kuita kila wekundu «aleji», au kuita kila kipele «maambukizi», kisha kupaka dawa yoyote iliyo karibu. Visababishi vya kawaida ni vinne, na kila kimoja huacha alama yake.

Cha kwanza ni ngozi kukereka tu kwa sababu ya unyevu, msuguano na kubanduliwa kwa plasta. Hapa mtu huhisi kuchoma au kuchonyota zaidi kuliko kuwashwa, ngozi hukauka au kuchubuka pale plasta ilipokaa, na hali hutulia siku moja au mbili baada ya plasta kuondolewa.

Cha pili ni mzio wa kweli wa kitu kilichomo ndani ya gundi au ndani ya plastiki ya kifaa. Huu huwasha mno. Hutoa vipele vidogo au malengelenge yanayofuata mipaka ya plasta kama vile mtu ameichora kwa kalamu, na wakati mwingine huivuka mipaka hiyo. Kwa kawaida hujitokeza siku moja hadi tatu baada ya gundi kugusa ngozi, na huweza kuendelea wiki nzima au zaidi baada ya plasta kutolewa. Watu wengi huukana kwa hoja kwamba wametumia plasta hiyo hiyo mwaka mzima bila tatizo. Hoja hiyo haisimami, kwa kuwa mzio wa namna hii hujengwa: kinga ya mwili huanza kwa kukitambua kitu kwa wiki au miezi, ndipo siku moja ianze kukishambulia, na ikishajifunza kwa kawaida haisahau tena. Mwaka 2017 madaktari wa ngozi wa Ulaya walieleza kwamba kemikali iitwayo isobornili akrileti, iliyokuwa ndani ya kihisi kimoja cha sukari kinachovaliwa mwilini, ndiyo iliyokuwa ikiwaletea wagonjwa mzio huo, na baadaye kemikali za jamii hiyo, ziitwazo akrileti, zilikutwa pia katika baadhi ya pampu. Kolofoni, ambayo ni utomvu wa msonobari unaotumika katika baadhi ya gundi, ni mshukiwa mwingine wa siku nyingi.

Cha tatu ni kanula yenyewe au insulini inayopita ndani yake. Alama yake huwa katikati tu, penye tundu, na si chini ya plasta nzima: kinundu kigumu cha milimita chache, chenye kuuma kidogo kikibonyezwa, ambacho hupungua siku moja au mbili baada ya kanula kutolewa. Mwili huikabili kanula kama mgeni, na fenoli na metakresoli, zinazotiwa katika insulini ili isiharibike, huweza kukera tishu zinazoizunguka. Kadiri kanula inavyokaa ndivyo kinundu hicho kinavyokua, na hasa kuanzia siku ya tatu. Kuna pia uvimbe laini wa mafuta usiouma wala kuwa na joto, unaotokana na kuchoma mahali pamoja kwa miezi. Huo si maambukizi, lakini insulini hufyonzwa humo kwa namna isiyotabirika, kwa hiyo pasichomwe tena mpaka uvimbe huo uishe.

Cha nne ndicho maambukizi. Dalili inayoyatofautisha na mengine yote ni mwelekeo: badala ya kupungua baada ya kanula kuondolewa, maumivu na uvimbe huongezeka. Ngozi huwa na joto kuliko upande wa pili, huvutika na kung'aa, hukaza, na huweza kutoa usaha au majimaji yenye harufu. Mitoki ya kinena au ya kwapa iliyo karibu huweza kuvimba, na homa ikafuata. Wasababishi wakuu ni bakteria aina ya stafilokoki, ambao huishi juu ya ngozi na ndani ya pua za watu wengi bila kuwadhuru mpaka wapate mlango, na kila kanula ni mlango.

Hapa niwatahadharishe wenye ngozi nyeusi, kwa sababu maelekezo mengi ya vifaa hivi huandikwa kana kwamba kila ngozi huiva na kuwa nyekundu. Juu ya ngozi nyeusi wekundu huweza kuonekana kama weusi uliokolea, zambarau au rangi ya kijivu, na huweza usionekane kabisa. Tegemea mkono zaidi kuliko jicho. Weka mgongo wa kiganja chako juu ya mahali hapo, kisha juu ya mahali kama hapo upande wa pili wa mwili, ulinganishe joto, ugumu na maumivu. Doa jeusi linalobaki wiki nyingi baada ya uvimbe kwisha, bila joto wala maumivu, ni kovu la rangi tu na halihitaji antibiotiki.

Ukimaliza kutazama, chora kwa kalamu mstari kuzunguka mpaka wa uvimbe au joto, uandike saa kando yake, na upige picha. Mstari huo ndio utakaokuambia baadaye, bila kubahatisha, kama hali inaenea au inarudi nyuma.

Hatua ya tatu: Tibu kile ulichokikuta

Ngozi iliyokereka tu inahitaji mapumziko. Ioshe kwa maji na sabuni isiyo na manukato, ikauke, upake mafuta mazito yasiyo na harufu kama vaselini, na usiirudishie plasta mpaka ipone vizuri. Mafuta hayo yasifike mahali unapopanga kuweka kanula inayofuata, kwani gundi haitashika.

Kwa mwasho wa mzio, krimu ya haidrokotisoni, ambayo ni steroidi hafifu ya kutuliza uvimbe na mwasho, ya asilimia 1 ikipakwa mara moja au mbili kwa siku kwa siku zisizozidi saba, juu ya ngozi isiyochanika, huweza kutuliza. Usiipake kwenye kidonda kilicho wazi wala kwenye usaha, maana huzima wekundu huku ikiwaachia bakteria nafasi. Jizuie kujikuna, na ukate kucha za mtoto, kwa kuwa mzio uliokunwa ndiyo njia ya mkato ya kufikia maambukizi. Ila dawa ya kupaka haiponyi mzio ikiwa gundi ile ile inarudishwa juu ya ngozi kila baada ya siku tatu. Tiba yake ni kujua ni kitu gani na kukiepuka. Omba rufaa kwa daktari wa ngozi, ubebe vipande vya plasta, seti nzima isiyotumika, na maji au vitambaa unavyotumia kusafishia ngozi, kwa sababu mara nyingine mkosaji ni kitambaa cha kusafishia na si gundi. Daktari hubandika kiasi kidogo cha vitu hivyo mgongoni na kusoma majibu baada ya saa 48 na tena baada ya saa 96 hivi. Huo ndio uchunguzi unaostahili kutegemewa.

Wakati unasubiri, unaweza kuweka kizuizi kati ya gundi na ngozi: ama utando wa maji ya kupaka usio na spiriti unaokauka na kuacha tabaka jembamba, ama kiraka cha hidrokoloidi, yaani kile kinachotumika kufunikia vidonda. Ukitumia kiraka kinene, kitoboe tundu la kupitisha kanula. Kanula fupi ina milimita 6 tu, na unene wa kiraka huiibia sehemu ya urefu huo, ikaishia juu mno kwenye ngozi badala ya kwenye mafuta yaliyo chini yake. Pima kizuizi chochote kipya kwanza kwenye mkono bila kanula kwa siku mbili au tatu, kwa kuwa nacho huweza kuleta mzio wake. Wapo wanaopulizia ngozi dawa ya steroidi ya puani kabla ya kubandika plasta. Wengine hupata nafuu kwa njia hiyo, lakini ni matumizi yasiyokusudiwa na dawa hiyo, na steroidi ikirudiwa miezi mingi huikondesha ngozi. Kwa maoni yangu isianzwe bila daktari kukubali na kuweka kikomo. Na mzio ukija na uvimbe wa midomo, vipele vya mwili mzima au shida ya kupumua, hiyo ni dharura ya hospitali.

Kama tatizo ni kinundu cha kanula, punguza muda wake. Badala ya siku tatu, badilisha kila baada ya siku mbili kwa mwezi mmoja, uangalie. Zungumza na wahudumu wako kuhusu kubadili aina: anayekerwa na kanula laini ya Teflon huweza kuivumilia vizuri sindano nyembamba ya chuma, ambayo hukaa siku mbili tu, isipokuwa kama ana mzio wa nikeli, kwa maana chuma hicho huwa nayo. Kanula inayoingia kwa mshazari nayo huwafaa watu wembamba ambao kanula ya wima hufika kwenye msuli. Kubadili aina ya insulini ni uamuzi wa daktari, na hufikiriwa baada ya hayo mengine kushindwa.

Yanapoanza maambukizi madogo, yaani penye maumivu na joto kidogo bila usaha, bila homa, na upana usiozidi sentimita mbili hivi, osha kwa maji na sabuni mara mbili kwa siku, ukaushe, ufunike kwa shashi safi. Kitambaa safi kilicholowekwa kwenye maji ya uvuguvugu kikiwekwa hapo dakika 10 hadi 15, mara tatu au nne kwa siku, huleta damu zaidi na kusaidia uponyaji. Yajaribu maji kwa kiwiko kwanza, hasa kama kisukari kimekupunguzia hisia, na usiweke kitambaa cha joto juu ya mahali penye kanula inayofanya kazi, kwani joto huharakisha insulini kuingia damuni na sukari hushuka ghafla. Usiminye. Usitoboe kwa sindano. Kuminya husukuma usaha ndani zaidi na kuuvunja ule ukuta ambao mwili umejenga kuuzingira. Wala usimeze antibiotiki zilizobaki kutoka ugonjwa mwingine. Dozi isiyotosha huwafundisha bakteria kuishinda dawa.

Jipe saa 24, si zaidi. Uvimbe ukiwa umeuvuka mstari uliouchora, au maumivu hayajapungua, muone daktari. Nenda siku hiyo hiyo, bila kungoja saa 24, ukiona usaha, kinundu kinachobonyea kama kina maji ndani, michirizi inayopanda kutoka kwenye kidonda, mitoki, au homa ya nyuzi 38 na zaidi. Nenda dharura mara moja ikiwa maumivu ni makali kupita kiasi ukilinganisha na kinachoonekana, ngozi inageuka nyeusi au zambarau au kutoa malengelenge makubwa, inasikika kama inavunjikavunjika ikibonyezwa, au mgonjwa anachanganyikiwa au kuzimia. Dalili hizo ni za maambukizi yanayokula tishu za ndani, na hapo saa moja ina uzito wake.

Hatua ya nne: Ukifika kwa daktari

Mwambie moja kwa moja kwamba unatumia pampu na kwamba huna insulini nyingine mwilini. Usikubali pampu iondolewe kwa ajili ya kipimo au upasuaji bila mtu kusema insulini itatoka wapi badala yake. Mwonyeshe picha zako na mstari wako.

Jipu lililokwisha kujaa kwa kawaida hupasuliwa na kukamuliwa kitaalamu, kwa kuwa antibiotiki peke yake huifikia kwa shida sehemu iliyozingirwa na usaha. Omba usaha huo upelekwe maabara kuoteshwa. Ombi hilo si usumbufu: baadhi ya stafilokoki wamekuwa sugu kwa methisilini, antibiotiki ya jamii ya penisilini, na dawa zote za jamaa yake ya karibu, na bila kuotesha, mgonjwa anaweza kumeza wiki nzima dawa isiyowagusa. Ukipewa dozi, imalize hata kama ngozi imetulia siku ya tatu.

Katika siku za maambukizi mwili huhitaji insulini zaidi, na daktari anaweza kukupandishia kiwango cha msingi cha pampu, yaani ile insulini inayotoka kidogo kidogo saa zote. Maambukizi yakiisha, mahitaji hayo hushuka, mara nyingi haraka kuliko mtu anavyotarajia, kwa hiyo pima sukari mara nyingi zaidi siku hizo na ukumbuke kukirudisha kiwango mahali pake ili sukari isishuke usiku ukiwa umelala.

Hatua ya tano: Rekebisha namna unavyobadilisha kanula

Maambukizi yakijirudia, mara nyingi chanzo kimo katika dakika kumi za kubadilisha kanula, na hapo ndipo pa kujichunguza bila kujihurumia. Badilisha baada ya kuoga, mwili ukiwa umekauka na kupoa, na si baada ya kazi nzito huku jasho likitoka. Sabuni yenye mafuta ya kulainisha huacha utando unaoizuia gundi, kwa hiyo tumia ya kawaida. Safisha mahali pa kuchoma kwa spiriti ya asilimia 70 au kwa klorheksidini, ambayo ni dawa ya kuua vijidudu vya ngozi, ukianzia katikati ukizunguka kwenda nje, kisha usubiri pakauke penyewe kabisa. Muda huo wa kukauka ndio unaoipa dawa nafasi ya kuua bakteria, na ngozi iliyokauka ndiyo inayoiwezesha gundi kushika. Gundi iliyobandikwa juu ya spiriti mbichi huchoma ngozi. Usipulize kwa mdomo wala kupepea kwa kitambaa, na usipaguse tena kwa kidole. Mwenye ngozi kavu sana ambaye hajawahi kupata maambukizi anaweza kuzungumza na muuguzi wake kuhusu kutumia maji na sabuni peke yake.

Nywele zikiwa nyingi, zipunguze kwa mkasi au mashine. Wembe huacha mikwaruzo isiyoonekana, na ukilazimika kuutumia, nyoa siku moja kabla. Kagua kwamba pakiti ya seti haijatoboka wala kupitwa na tarehe, na usirudishe kanula iliyochomoka, hata kama imetoka sekunde hiyo. Ukishabandika, ikandamize plasta kwa kiganja kwa nusu dakika ili joto la mkono liiamshe gundi. Plasta iliyoinuka kingo hukusanya jasho na uchafu chini yake na kuiacha kanula ichezecheze ndani ya tundu, na kanula inayocheza hukwaruza kila unapopiga hatua.

Kuzungusha mahali pa kuchoma ni jambo ambalo kila mtumiaji huambiwa na wachache hulitimiza, kwa sababu mkono huenda wenyewe pale palipozoea kutouma. Chora ramani ya mwili yenye tumbo, mapaja, sehemu ya juu ya makalio na nyuma ya mikono, uigawe vipande, na uandike tarehe kila unapotumia kipande. Kanula mpya ikae angalau sentimita 2.5 hadi 3 kutoka ya mwisho, na sentimita 5 kutoka kitovuni. Epuka mstari wa mkanda, makovu, michirizi ya ngozi na mikunjo. Mahali palipowahi kutunga jipu pasirudiwe mpaka papone kabisa, na kama pamebaki kovu gumu, pafute kwenye ramani moja kwa moja.

Kubandua nako kuna utaratibu wake. Anayeinyofoa plasta kwa mkupuo mmoja hung'oa nayo tabaka la juu la ngozi, na kesho yake hulalamikia gundi. Lowesha kingo kwa mafuta ya kubandulia plasta, au kwa mafuta ya watoto, usubiri dakika moja au mbili, kisha ikunje plasta polepole ikiwa imelala sambamba na ngozi huku kidole cha mkono wa pili kikiishikilia ngozi isivutike. Osha mabaki ya mafuta kwa sabuni. Tazama tundu lililobaki kila mara, na ulitazame tena kesho yake, kwa kuwa maambukizi mengine hujionyesha siku moja baada ya kanula kutoka, wakati mtu amekwisha kuipa mgongo.

Kwa anayepata majipu tena na tena licha ya usafi wote huo, inafaa kuchunguzwa kama anabeba stafilokoki puani. Akikutwa nao, daktari anaweza kumwandikia krimu ya antibiotiki iitwayo mupirosini ya kupaka ndani ya pua na sabuni ya klorheksidini ya kuogea, kwa kawaida kwa siku 5, na kuwahusisha watu anaoishi nao. Wakati huo taulo zisishirikiwe, na mashuka na nguo zinazogusa kanula zifuliwe kwa maji ya moto. Asikie faraja pia: kubeba bakteria hao si ushahidi wa uchafu.

Hatua ya sita: Ngozi ikihitaji likizo

Ipo hali ambapo hakuna kipande cha ngozi kilicho kizima cha kuchoma, au mzio umeenea kiasi kwamba kila plasta ni adhabu. Hapo ni busara kurudi kwenye sindano kwa wiki kadhaa, na kufanya hivyo si kushindwa. Sharti ni moja: pampu isivuliwe kabla ya mpango wa insulini ya muda mrefu kuandikwa na wahudumu wako, pamoja na dozi yake na saa ya kuanza. Mpango huo uombe leo, ukiwa mzima, na uuhifadhi pamoja na kalamu za insulini ambazo hazijapitwa na tarehe, kwa kuwa ndio utakaoutumia pia pampu ikiharibika.

Siku ya kurudi kwenye pampu, kumbuka kwamba sindano ya mwisho ya insulini ya muda mrefu huendelea kufanya kazi kwa takriban saa 24, na baadhi ya aina huzidi hapo. Kiwango cha msingi cha pampu kilichowashwa kikamilifu juu ya insulini hiyo huishusha sukari, kwa hiyo uliza ni kwa asilimia ngapi kipunguzwe na mpaka saa ngapi, na upime kila baada ya saa mbili au tatu, usiku wa kwanza ukiwemo. Chagua kwa kanula hiyo ya kwanza kipande cha ngozi kilichopumzika kuliko vyote, na uifungue plasta yake baada ya siku mbili badala ya tatu, uone ngozi imeipokeaje.